Mrejesho: Mama kapimwa, kumbe si msiba peke yake

Wadau, mwezi uliopita niliuliza kwa nini mama yangu, aliyeko Arua, anajifungia chumbani tangu baba afariki. Hataki kula, hacheki, hata duka kalifunga. Wengi mlisema msiba, wachache mkasema karogwa (hao nimewasamehe). Mmoja akaandika, "Mpimeni tezi ya shingo." Mungu ambariki.

Nilimleta Kampala. Daktari alimuuliza habari za usingizi, pombe, dawa anazotumia, na kama kwao kuna aliyewahi kuugua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Mama akamtaja marehemu shangazi yake, yule tuliyeambiwa ana mapepo. Damu ilipopimwa, homoni ya tezi ikaonekana iko chini sana. Kumbe ndiyo maana alilalamika baridi kwenye jua lile la Arua, nasi tukamcheka!

Nikauliza, basi msiba haukuhusika? Daktari akasema sonona mara nyingi haina chanzo kimoja. Urithi, msiba na maradhi ya mwili vinaweza kumkuta mtu mmoja kwa pamoja. Sasa mama anameza kidonge cha homoni kila asubuhi kabla ya kula, na anaonana na mshauri nasaha.

Juzi kaniuliza bei ya sukari ya jumla.