Taaluma ya David Pocock: mpwa wangu aige nini, na atahadhari na nini?

Mlezi wa Lang'ata

Wapenzi wa raga, hamjambo. Nina mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, ambaye kwa muda mrefu shuleni alikuwa akivaa jezi nambari 7, ile ya flanka, yaani fowadi wa pembeni anayewania mpira chini. Si mrefu, wala hana mbio za kuwavutia makocha wa raga ya wachezaji saba kila upande, lakini ana mazoea ya kumfikia mchezaji aliyeangushwa kabla ya mtu mwingine yeyote na kuinuka na mpira. Kocha mmoja alimwambia kwamba uchezaji wake unamkumbusha David Pocock wa Australia, na tangu siku hiyo hatuna amani nyumbani, kwa maana kila jioni anaomba simu yangu atazame video za Pocock, na bando langu huisha kabla ya taarifa ya habari.

Mimi ni mtu wa kandanda. Ninachojua ni kwamba Pocock alizaliwa Gweru, Zimbabwe, mwaka wa 1988, kwamba familia yake ya wakulima ilihamia Brisbane mwaka wa 2002 wakati wa misukosuko ya mashamba, na kwamba leo yeye ni seneta huko Australia. Ninaloomba kueleweshwa ni yaliyotokea katikati. Ni nini hasa kilichomtofautisha na wachezaji wengine wa nafasi yake? Je, majeraha yake yalikuwa bahati mbaya tu, au yaliletwa na namna yake ya kucheza? Ninauliza kwa sababu kijana anataka kuahirisha chuo, akidai kwamba Pocock alitoka shuleni moja kwa moja akaingia katika raga ya kulipwa.

Fowadi Mstaafu

Ndugu Mlezi, kijana wako amechagua mwalimu mzuri, ila sijui kama anatazama mahali panapostahili kutazamwa. Wengi wanaotazama video za Pocock hutazama mikono yake, ilhali siri ilikuwa miguuni na kiunoni.

Sheria humruhusu mlinzi wa kwanza kufika, akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, kuushika mpira kwa mikono kabla raki (wachezaji wa pande mbili wanaosukumana juu ya mpira ulio chini) haijaundwa, na aliyeangushwa asipouachia, refa hupuliza kipenga na penalti huwaendea walinzi. Nafasi hiyo ni ya kufumba na kufumbua. Flanka wa kawaida hufika, huinama kutoka mgongoni, hunyoosha mikono, kisha fowadi mwenye kilo 115 humsukumia mbali. Pocock, ambaye urefu wake ulikuwa chini kidogo ya mita 1.85, alifika akiwa tayari amepanua miguu na kukunja magoti kama kondakta wa matatu anayesimama bila kushika chuma, nyonga zake zikiwa chini ya mabega ya yule anayekuja kumwondoa, kifua chake kikiwa karibu kugusa mpira. Ukimsukuma kutoka mbele, nguvu zako zilipita juu yake na kuishia mgongoni. Ilibidi waje watu wawili, na mara nyingi watatu, na kila fowadi anayetumwa kumwondoa mtu mmoja ni fowadi ambaye hayupo kwenye shambulio linalofuata. Kwa hiyo hata pale ambapo hakuupata mpira, alikuwa amekwisha kuwagharimu wapinzani.

Mwambie kijana atafute mechi mbili za Kombe la Dunia la mwaka wa 2011. Ya kwanza ni ile ya makundi kule Auckland, ambapo Australia ilifungwa na Ireland 15-6. Pocock hakucheza kwa sababu ya maumivu ya mgongo, na utaona jinsi mpira wa Australia ulivyotoka polepole na kwa taabu. Ya pili ni robo fainali dhidi ya Afrika Kusini mjini Wellington. Afrika Kusini iliumiliki mpira kwa sehemu kubwa ya mchezo na kukaa katika eneo la Australia kwa muda mwingi, lakini ilitoka na pointi 9 tu. Trai pekee ya mechi, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ilifungwa na nahodha wa Australia, James Horwill, na matokeo yakawa 11-9. Kila Afrika Kusini ilipokaribia mstari, Pocock alikuwa juu ya mpira.

Waafrika Kusini walimlaumu sana refa Bryce Lawrence kwa kumwacha Pocock afanye atakavyo. Naona lawama hizo zina ukweli kiasi, kwa kuwa siku hiyo refa alikuwa mpole mno kwenye raki, lakini upole huo ulikuwa wa pande zote mbili. Tofauti ni kwamba Pocock aliugundua mapema akautumia, huku Afrika Kusini ikiwa imempoteza Heinrich Brüssow, mwizi wao wa mpira, aliyeumia mwanzoni mwa mechi. Kusoma refa ni kipaji kisichoonekana kwenye video fupi za simu, na ndiyo maana ninasisitiza atazame mechi nzima, hata kama bando litateketea.

Mkazi wa Ngong Road

Ninakubaliana na mzee hapo juu, ila ningeongeza mwaka wa 2015, kwa kuwa ndio unaoonyesha kwamba alikuwa zaidi ya mwizi wa mpira. Kocha Michael Cheika alikuwa na nambari 7 wawili bora, Pocock na Michael Hooper, na badala ya kumweka mmoja benchi, alimpa Pocock jezi nambari 8. Mpango huo una gharama, kwa sababu nambari 8 mfupi hukupunguzia watu wa kurukia mpira kwenye laini-auti, pale mpira uliotoka unaporushwa ndani kutoka pembeni, lakini Cheika aliona kwamba faida ya kuwa na wawili wanaofika chini upesi inazidi hasara hiyo. Australia iliwaondoa wenyeji Uingereza kwa 33-13, kisha ikaishinda Wales 15-6 katika mechi ambayo kwa dakika kadhaa ilibaki na wachezaji 13 kwa sababu ya kadi mbili za njano, na bado haikuruhusu trai. Katika robo fainali dhidi ya Scotland, Pocock hayupo tena kwa jeraha, Australia ikapona kwa 35-34, tena kwa penalti ya dakika za mwisho. Akarudi nusu fainali, na kwenye fainali waliyopoteza kwa New Zealand 34-17, alifunga trai kutoka kwenye moli, yaani kundi linalosukumana huku mwenye mpira akiwa amesimama.

Unaona mfano unaojirudia: Ireland mwaka wa 2011, Scotland mwaka wa 2015. Mchezaji unayemthamini kwa kutazama siku asizocheza ni mchezaji adimu.

Mama Fizio

Shikamoo kwa walionitangulia. Ninafanya kazi ya fiziotherapia na wachezaji wa raga hapa Nairobi, kwa hiyo nitajibu swali la pili la Ndugu Mlezi.

Mwaka wa 2013, muda mfupi baada ya kuhama Western Force ya Perth na kujiunga na Brumbies ya Canberra, Pocock alikatika kano ya ACL ya goti, akaikosa ziara ya British and Irish Lions, timu ya pamoja ya Uingereza, Scotland, Wales na Ireland, hata Australia ikamrudisha mkongwe George Smith kwa mechi ya tatu ya mfululizo huo. Mwaka wa 2014 goti lile lile likakatika tena. Misimu miwili ikapotea akiwa katika umri ambao flanka anapaswa kuwa kileleni. Baadaye yakafuata matatizo ya shingo, na mwaka wa 2019 msuli wa ndama wa mguu ukamzuia kuichezea Brumbies kwa sehemu kubwa ya msimu.

Si kila jeraha hutokea kwenye raki. Kano hiyo ya goti mara nyingi hukatika mtu anapogeuka ghafla bila hata kuguswa. Hata hivyo, mkao ulioelezwa vizuri sana na Fowadi Mstaafu unamaanisha kwamba miguu imeganda ardhini huku shingo ikiwa wazi, na watu wazito wanakuja kwa kasi kutoka pembe ambazo mchezaji hazioni. Nguvu hiyo lazima iishie mahali fulani mwilini. Wasimamizi wa mchezo duniani wenyewe walilitambua jambo hilo, na sasa sheria inakataza kumwangushia uzito mchezaji aliye juu ya mpira au kuilenga miguu yake.

Linaloniuma ni kwamba vijana wetu huiga mkao huu kabla ya kujenga misuli ya shingo, ya nyonga na ya nyuma ya paja. Pocock alisifika kwa nidhamu yake ya mazoezi ya nguvu tangu ujana. Mtoto wa shule anayefanya hivyo hivyo kwa mwili usioandaliwa anajiweka hatarini, na akikatika kano hapa kwetu, upasuaji na miezi isiyopungua tisa ya mazoezi ya kurejea ni gharama ya familia, isipokuwa kama ana bima inayokubali kulipa. Mlezi, kabla ya kuuliza ataichezea klabu gani, uliza kama klabu hiyo ina mtu wa kumsimamia kwenye chumba cha vyuma.

Mlezi wa Lang'ata

Nashukuruni sana, nawe Mama Fizio hasa. Nimemsomea maneno yako akanyamaza, jambo ambalo ni nadra. Lakini hoja yake ya chuo bado anaishikilia.

Kocha wa Jioni

Mlezi, hoja hiyo ina nusu tu ya ukweli. Pocock alisajiliwa na Western Force akitoka shule ya Anglican Church Grammar ya Brisbane, na kufikia Novemba 2008 alikuwa amekwisha kuichezea timu ya taifa dhidi ya New Zealand mjini Hong Kong, akiwa na umri wa miaka 20. Lakini aliingia katika mfumo ambamo klabu na chama cha raga cha taifa hulipa mshahara, hugharamia matibabu, na humlipa mchezaji hata akiwa amelazwa na goti lake. Mfumo huo ndio uliomvumilia misimu ile miwili, na bado akasaini mkataba uliompa nafasi ya kwenda kuichezea klabu ya Panasonic ya Japani na kuupumzika msimu wa Australia wa mwaka wa 2017. Aliporudi, akatwaa nishani ya John Eales ya mwaka wa 2018, tuzo ya mchezaji bora wa timu ya taifa ya Australia, ambayo mara ya kwanza aliipata mwaka wa 2010. Miaka minane kati ya tuzo na tuzo, kwa mchezaji wa nafasi inayochosha mwili kuliko zote, haiwezekani bila mwajiri anayekubali upumzike.

Isitoshe, hata akiwa analipwa hivyo, alisoma kilimo cha kutunza mazingira akiwa bado anacheza. Mechi yake ya mwisho kimataifa ilikuwa robo fainali ya mwaka wa 2019 kule Oita, Uingereza iliposhinda 40-16, akiwa na miaka 31. Mwaka wa 2020 akaachana na raga kabisa, na mwaka wa 2022 akachaguliwa seneta huru wa eneo la Canberra. Aliondoka akiwa na mahali pa kwenda.

Hapa kwetu wachezaji wengi wa Kenya Cup, ligi kuu ya raga nchini, huamkia kazini na kufika mazoezini jioni wakipigana na msongamano wa magari. Anayeahirisha chuo ili acheze raga Nairobi anaahirisha kwa ajili ya mshahara ambao kwa kawaida haupo. Tena hana haja ya kuchagua: Strathmore Leos ni timu ya chuo kikuu, Blak Blad ni ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na zote zimecheza Kenya Cup. Nambari 7 mwenye kujua kupora mpira atapata nafasi huko haraka kuliko katika klabu kubwa zilizojaa wakongwe.

Niandikie ameitwa chuo gani na kozi gani, pamoja na uzito wake wa sasa, nikuambie ni mazoezi ya nani yaliyo karibu naye.