MREJESHO: yule dogo wa Marekani na ishu ya APR

Wakuu salama, mimi ndo niliyeuliza mwezi juzi kuhusu mdogo wangu aliyetoka Eldoret kwenda kukimbia kwa skolashipu chuo cha Divisheni 1 (daraja la juu) ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, kocha akamwambia anawashushia APR (alama ya timu ya maendeleo ya masomo) na sisi huku nyumbani tukadhani ni muda wake wa mbio, kumbe wapi, ni vitabu.

Iko hivi: kila semesta mwanariadha wa skolashipu ana pointi 2, moja ya kubaki chuoni na nyingine ya kuwa na sifa za kimasomo, timu wanajumlisha pointi walizopata, wanagawa kwa zile walizotakiwa kupata halafu mara 1000. Wastani wa miaka 4 ukishuka chini ya 930, timu nzima haichezi mashindano ya mwisho wa msimu. Na hawaangalii sura: UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) walibeba ubingwa wa kikapu 2011, 2013 wakafungiwa kwa hiyo hiyo APR.

Sasa dogo alimaliza mwaka wa kwanza na krediti (vipimo vya masomo uliyofaulu) 21 wakati zinatakiwa 24, somo la hesabu lilimshinda na alikuwa anaona aibu kusema (mama alilia simu nzima, nusu saa). Akapiga darasa la kiangazi, kapata zile 3, karuhusiwa, ameshaanza mazoezi na wenzake. Ila mwakani afikishe asilimia 40 ya masomo ya digrii yake, kwa hiyo nimemwambia kila matokeo yakitoka anitumie skrinishoti.

Asanteni mliosema aende kwa mshauri wa masomo kabla ya kocha.