Mahomes kaangushwa mara sita: mlinzi tumpime kwa lipi?

Macho_Manne
Wakuu, jana nimeirudia ile fainali ya futiboli ya Kimarekani (NFL) ya Februari 2025, Eagles 40 Chiefs 22. Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, yaani mrusha mpira wao, kaangushwa na mpira mkononi mara sita, na Eagles hawakutuma mtu wa ziada kumvamia hata mara moja. Wanne wa mbele walitosha. Lawama zikamwangukia Joe Thuney, mmoja wa walinzi wanaomkinga Mahomes. Huyu ni gadi, yaani mlinzi wa ndani, mmoja wa bora kabisa katika ligi, kahamishiwa pembeni kushoto kwa kuwa pembeni hapakuwa na mtu, kisha anasahihishwa kama wa pembeni! Wale PFF, kampuni ya takwimu inayompa kila mchezaji maksi kila mpira unapochezwa, kuanzia hasi mbili hadi chanya mbili, wanajua kocha alimwagiza nini? Au wanabuni?

Baba Zuhura
Kapitwa, kapitwa. Mengine huruma. Na msiwakuze hao, ni mibonge ya kilo 140 inasukumana sekunde tatu halafu inapumzika. Hata shemeji yangu angeweza.

Gadi_Mstaafu
Inasukumana?? Mzee, mimi nilicheza gadi wa kulia sekondari, Ohio, miaka miwili. Hatua ya kwanza ukiikosea kwa upana wa kiatu tu, umekwisha. Mikono itue kifuani mwa mtu, viwiko vimebana. Ukimshika nje ya mabega na kumvuta, mwamuzi anarusha kitambaa cha njano. Siku moja senta, mlinzi wa katikati anayetupangia nani amzuie nani, alisahau kuita mabadiliko. Nikamfuata mtu wangu kama nilivyoagizwa, mwingine akapita pale pale nilipotoka, kwotabeki akavunjika mtulinga. Jukwaa zima likanitazama mimi. Mpaka leo kuna mama wa mtoto yule hanisalimii.

Mama Tariq
Pole kaka. Ila Baba Zuhura, hilo la kupumzika limeniuma. Joe Thomas, mlinzi wa Cleveland, alicheza mipira 10,363 mfululizo bila kutoka hata mmoja. Wewe ngazi ya ghorofa ya pili unasimama katikati kujifanya unajibu simu.

Baba Zuhura
Dada, tusiingie kwenye ngazi. Huyo Thomas wenu timu yake ilishinda ngapi? 2017 walipoteza zote 16. Mlinzi bora wa dunia, timu sifuri. Faida yake nini?

Kijana wa Mwanza
Aliumia mwaka huo huo, msimu haujaisha. Usimbebeshe zote 16.

Macho_Manne
Baba Zuhura, umenisaidia bila kujua. Matokeo hayampimi mlinzi. Kuangushwa kwa kwotabeki nako hakumpimi. Burrow, kwotabeki wa Bengals, aliangushwa mara tisa na Titans na bado wakashinda, ilikuwa 2021?

Kijana wa Mwanza
Januari 2022, 19-16. Nakumbuka kwa sababu nilikesha, asubuhi nikasinzia kazini.

Dereva_Minneapolis
Mnahangaika bure. ESPN wanatumia vile vifaa vya kwenye mabega ya wachezaji: ukimzuia mtu wako sekunde mbili na nusu, umeshinda. Hakuna cha macho wala huruma.

Gadi_Mstaafu
Na kwotabeki akizunguka na mpira sekunde tano kama kuku aliyepotelewa na banda? Na kama kocha alitaka nimwache mtu apite makusudi, ili tumpe mkimbiaji mpira nyuma yake? Kifaa kinaandika nimeshindwa.

Baba Zuhura
Visingizio. Na huyo Jordan Mailata, mlinzi wa Eagles, alitoka raga Australia, hajawahi kucheza mchezo huu, wakamchukua raundi ya saba, ya mwisho, ya kugawana wachezaji wapya 2018. Leo ana pete ya ubingwa. Kazi ya yeyote hiyo.

Mama Tariq
Yeyote mwenye mita mbili na ushee! Na aliokotwa 2018, akaanza mechi 2020. Miaka miwili anafundishwa kuweka miguu tu. Shemeji yako huyo, ana urefu gani?

Baba Zuhura
Wastani. Ila upana upo.

Dereva_Minneapolis
😂😂 Mleteni shemeji kwenye majaribio.

Gadi_Mstaafu
Sicheki. Neno "mibonge" bado hujalifuta. Mimi nina kilo 118 na nakimbia kila asubuhi.

Baba Zuhura
Kilo 118 unakimbia kumfuata nani?

Mama Tariq
Baba Zuhura!

Baba Zuhura
Basi, nimekosa. Kaka, samahani. Umbo sio hoja. Lakini maksi nazitetea: mwalimu naye hajui nyumbani umelala njaa, na anasahihisha mtihani.

Macho_Manne
Mwalimu ndiye aliyetunga mtihani. PFF wameokota karatasi ya majibu bila maswali. Jamani, Thuney vipi, ana hatia au hana?

Kijana wa Mwanza
Chiefs wenyewe walimuuza Chicago Machi ile ile.

Macho_Manne
Kuuzwa sio hukumu, mkataba ulikuwa umebaki mwaka mmoja.

Baba Zuhura
Shemeji kasoma uzi wote. Anauliza ni nani aliyeanza kutaja upana wake.