Mjadala: Laptopu za mtumba za shule, tuweke Linux yenye draiva zilizofungwa?

Mwalimu wa kompyuta, Arua
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Bodi ya shule yetu inataka kununua Dell Latitude za mtumba kutoka Kampala. Moja imeletwa kama sampuli. Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo mashine hii haina. Kwa hiyo bodi inasema Linux, mfumo huru wa kuendesha kompyuta. Mwenzangu wa idara anakataa: Waifai haiwaki, na ili iwake lazima tuingize draiva ya kampuni, yaani programu ya kuendesha kadi, ambayo hakuna ruhusa ya kusoma msimbo wake. Mimi niko na bodi. Nyinyi mnaonaje?

Fundi, Kampala
Mwalimu, fungua terminali uandike `lspci -nnk`, kisha utafute kadi ya mtandao usiotumia waya. Namba yake ni ngapi?

Mwalimu wa kompyuta, Arua
14e4:4315. Chini yake mstari wa "Kernel driver in use" haupo kabisa.

Fundi, Kampala
Nilijua. Hiyo ni BCM4312 ya kampuni ya Broadcom, na mstari huo usipokuwepo maana yake hakuna moduli, yaani draiva, iliyoishika kadi. Una njia mbili. Ya kwanza ni b43: imeandikwa na watu wa kujitolea, imo tayari ndani ya kerneli, kiini cha Linux, ila haifanyi kitu mpaka fimwea ya Broadcom, yaani programu ndogo ya kadi yenyewe, ipakiwe kwenye kadi. Ya pili ni wl, ya Broadcom wenyewe, na sehemu kubwa yake imefungwa. Usiziache zote mbili zigombee kadi moja. Ukichukua wl, b43 inazuiwa kwa faili ndani ya `/etc/modprobe.d/`, mara nyingi kifurushi chenyewe kinakufanyia.

Kwa shule mimi nachagua b43. Hiyo wl inategemea DKMS, yaani kila kerneli mpya ikiingia moduli inajengwa upya, na faili za vichwa vya kerneli hiyo zisipokuwepo haijengeki. Masasisho yakipita usiku, asubuhi darasa zima halina Waifai na wewe uko kwenye mtihani wa S4, kidato cha nne.

Mwalimu mwenzake, Arua
Mimi ndiye ninayesemwa. Fundi amethibitisha hoja yangu: njia zote mbili zinapitia kwa Broadcom. Na si hivyo tu. Mwaka 2022 wanachama wa Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, walipiga kura kuruhusu fimwea zisizo huru kwenye kisakinishi chao, na Debian 12 ya Juni 2023 ikatoka nazo. Sawa. Lakini ya b43 haimo hata humo, kwa sababu Broadcom hawajaruhusu isambazwe. Kifurushi kinaenda kuichukua mtandaoni. Unahitaji intaneti ili upate intaneti!

Fundi, Kampala
Hilo ni dogo, ndugu yangu. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki mtandao, kerneli inaiona simu kama kadi ya mtandao bila kuongeza chochote. Ukishaipata fimwea, iweke kwenye flashi, mashine zinazofuata hazitagusa bando. Tena hata kadi za Intel zinapakia fimwea iliyofungwa. BIOS, programu inayoiwasha mashine, nayo? Usafi unaoutaka wewe hauko kwenye laptopu yoyote ya bei hiyo.

Mwalimu mwenzake, Arua
Kadi za Atheros zinazotumia ath9k hazihitaji fimwea hata kidogo. Tudai hizo.

Dada wa Nakivale
Kaka zangu, mimi nafundisha vijana kompyuta huku kwenye kambi ya wakimbizi, wengi ni wa kutoka Kongo. Sijasikia mtu akiuliza nani atakaa na mashine hizi. Mwalimu akihamishwa, nani anajua `modprobe` ni nini? Linux naikubali na tunaitumia. Lakini mashine inayohitaji fundi kila kerneli inapobadilika itaishia stoo, iwe huru isiwe huru.

Mwalimu wa kompyuta, Arua
Dada amenigusa. Naanza kuona ugomvi wetu uko kwenye ununuzi. Bodi inakaa Jumamosi. Nitaomba sharti moja: muuzaji awashe kila mashine kwa flashi ya Linux mbele yetu, Waifai iwake yenyewe, ndipo pesa itoke. Sampuli hii irudi.

Mwalimu mwenzake, Arua
Hapo tuko pamoja, ingawa la fimwea sijaliacha.

Fundi, Kampala
Mtaulizwa bei, mwalimu. Hizo za Broadcom ndizo za chini pale dukani, na mhasibu wenu hajui kusoma 14e4. Badala ya kuirudisha, muulize muuzaji kubadilisha kadi ya ndani ni shilingi ngapi. Dell za aina hiyo kwa kawaida hazikatai kadi ngeni. HP na Lenovo za zamani ndizo zenye BIOS ya kukataa. Leta jibu hapa kabla ya Jumamosi.