Roketi ya maji inageukia upepo ikitoka tu kwenye kirusho

Mwalimu_Katuba
Jambo wandugu. Wanafunzi wametengeneza roketi kwa chupa ya soda ya lita 1.5. Bila maji ina gramu 200, mchanga wa kichwani umo ndani. Mapezi ni manne ya katoni, kila moja upana wa sm 16. Tunatia ml 700 za maji na kupampu hadi bar 3. Asubuhi inapanda vizuri. Mchana, upepo wa kiangazi ukivuma kutoka kusini-mashariki, inalala palepale na kukimbilia unakotoka upepo. Tulipanua mapezi, ikazidi. Kirusho ni kipande cha tiyo (bomba) la PVC cha sm 10, hakina fimbo. Kitovu cha uzito kiko sm 27 mbele ya kitovu cha upepo, yaani pale nguvu ya upepo inapojumlika. Cha upepo tulikipata kwa kukata umbo la roketi kwenye katoni na kulisawazisha juu ya rula.

Fundi_Kampemba
Mwalimu, kwanza ni mwendo. Kwa presha hiyo na maji mengi hivyo, sm 10 zikiisha roketi ina kama mita 7 kwa sekunde. Upepo wa mita 6 kwa sekunde unaipiga kwa pembe ya digrii 40 hivi, na mapezi makubwa yanaigeuza hapohapo. Ikitoka na mita 20, pembe ni kama digrii 17 tu.

Weka fimbo laini ya chuma, mm 8, urefu mita 1.2. Chuma cha beto (nondo) usikitumie, meno yake yanakamata. Funga pete mbili za tiyo jembamba ubavuni, moja karibu na kitovu cha uzito, nyingine chini, zinyooke kabisa. Zifunge kwa skochi (utepe wa gundi). Gundi ya haraka inaikausha plastiki na chupa inaweza kupasuka.

Maji yapunguze hadi ml 500, presha bar 5. Kwa ml 700 na bar 3, maji yakiisha chupani inabaki kama bar 0.7, yaani yale ya mwisho yanasukuma kwa nguvu ndogo. Kwa ml 500 na bar 5 inabaki zaidi ya bar 2. Pompi ya kinga (baiskeli) yenye saa ya presha inatosha. Ila iwe chupa ya soda yenye gesi. Ya maji ya kunywa ni nyembamba, itapasuka. Kamba ya kufyatulia iwe ndefu, watoto wakae mbali.

Kenya_Fizikia
Naongeza juu ya mapezi. Sm 27 ni kipenyo cha chupa mara tatu. Inatosha mara moja hadi moja na nusu, sm 9 mpaka 13. Punguza upana kidogo kidogo, kila mara ukate katoni upya na kupima chupa ikiwa tupu. Lakini usishuke chini ya sm 9: upepo wa ubavuni unasogeza kitovu cha upepo mbele, na roketi iliyokatwa mno itapinduka hewani.

Parachuti je? Kwa gramu 200, ya kipenyo cha sm 63 inashuka mita 4 kwa sekunde. Ya sm 42, mita 6. Kutoka mita 50 juu, kwa upepo wako, ya kwanza inachukuliwa mita 75, ya pili 50. Mimi ningechukua ndogo na kutoboa tundu katikati isiyumbe.

Mwalimu_Katuba
Asante sana. Na fimbo tuilaze kidogo upande unakoelekea upepo, ili ikigeuka inyooke?

Kenya_Fizikia
Digrii 5 zinasaidia.

Fundi_Kampemba
Hapo sikubali. Upepo ukitulia sekunde ile ya kufyatua, roketi itakwenda na mlalo wako, kisha parachuti iisogeze mbali zaidi, mpaka kwenye nyaya za umeme za SNEL. Simamisha fimbo wima. Kirusho kiweke theluthi ya kiwanja kutoka upande unakotoka upepo: itapanda ikiuelekea, parachuti itairudisha ndani. Vumbi na karatasi zikianza kuruka, upepo umepita km 20 kwa saa. Roketi nyepesi hivi, ngojeni asubuhi.

Kenya_Fizikia
Kwa kiwanja kidogo, sawa, wima.