Mjadala: Sataranji ina faida gani kwa sayansi ya kompyuta?

Mwanzisha mada, Nyegezi:
Mwangaluka wana Mwanza. Kwenye kikao cha wazazi juzi, mwalimu aliomba hela ya mbao kumi za sataranji kwa ajili ya klabu ya kompyuta. Mzazi mmoja akasimama: "Mchezo ni mchezo, nunueni vifaa vya maabara." Akapigiwa makofi. Mimi napinga.

Mwaka 1950 Claude Shannon, Mmarekani, alieleza jinsi kompyuta inavyoweza kucheza sataranji, akakadiria kuwa michezo inayowezekana ni 1 ikifuatiwa na sifuri 120. Hiyo huimalizi kwa kuhesabu, hata uwe na mashine gani. Ikabidi watafiti waifundishe kompyuta kuacha: njia ikishaonekana mbaya, isifuatwe tena. Halafu sheria zake ni chache na mshindi hana ubishi. Mtafiti atapata wapi kipimo kama hicho? Mwaka 1997 Deep Blue, kompyuta ya kampuni ya IBM, ilimshinda Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, ikikagua hali za mchezo milioni 200 kwa sekunde. Miaka 20 baadaye programu iitwayo AlphaZero ilipewa sheria tu, ikajifunza kwa kucheza na nafsi yake.

Mdau wa Kirumba:
Kaka, kuwafaa watafiti ni jambo moja, kumfaa mwanangu ni jingine. Uingereza walijaribu kwenye shule 100 za msingi, ripoti ikatoka 2016: mwaka mmoja baada ya mafunzo, waliofundishwa sataranji hawakuwazidi wenzao kwenye hesabu. Na huyo Deep Blue alishinda kwa nguvu ya mashine. John McCarthy, mmoja wa waasisi wa akili mnemba, alilalamika waziwazi kwamba mashindano yameimeza sayansi.

Mwanzisha mada:
Kwenye hesabu umenishika, nakubali. Ila klabu ni ya kompyuta. Chukua mwisho wa mchezo, kete zikiwa zimebaki mfalme na ngome dhidi ya mfalme peke yake: Torres Quevedo wa Hispania alitengeneza mashine ya kucheza hivyo mwaka 1912, kabla kompyuta hazijakuwepo! Kijana wa kidato cha tatu anaweza kuandika programu yake, akianzia kwenye ushindi na kurudi nyuma hatua kwa hatua. Kompyuta chakavu inatosha.

Mzee wa Makoroboi:
Wanangu, mnabishania mbao za kununua na bao lipo kijiweni. Mashimo 32, kete 64, na mtaji mmoja, yaani zamu ya kula kete, unaweza kuzunguka mpaka mchezaji mwenyewe asijue utalala wapi. Hao vijana waiandikie bao programu. Mwalimu akitaka, ubao wangu aje auchukue Jumamosi.