Naomba ushauri: Nakwenda Pemba kutafuta wale ndege wanne, nianzie wapi?

Kingo ya Msitu (Dar)
Habari za jioni wakuu. Nimezunguka bara kidogo na kamera yangu, ila moyo uko Pemba. Nawataka wale wanne ambao duniani kote wapo kisiwa kile tu: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba na yule bundi mdogo. Nimepata likizo mwezi wa saba, siku chache, sitaki zipotee bure.

Nilale Chake Chake au nisogee karibu na msitu wa Ngezi? Bundi nampataje, na fleshi vipi? Nina lenzi ya milimita 100-400, itatosha? Halafu kuna jamaa kaniambia nisijisumbue kuvuka, eti wote nitawaona Jozani pale Unguja. Ni kweli? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Darubini
Huyo jamaa amekupoteza. Jozani nenda ukaone kima punju, lakini hao wanne Unguja hawapo. Bahari kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi. Zamani za barafu, maji mengi yalipoganda na bahari ikashuka, Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Mkondo wa Pemba una kina cha zaidi ya mita 700, haukukauka. Ndege waliofika kule walibaki peke yao kwa muda mrefu mno, mpaka wakawa aina nyingine kabisa.

Chozi na kinengenenge usiwamalizie siku msituni. Wako mabustanini, kwenye minazi, hata nyuma ya gesti utakayolala. Kinengenenge ni wa manjano, ana pete nyeupe kuzunguka jicho, na huhama mti hadi mti kwa kundi dogo lenye kelele. Chozi dume kwa mbali utamwona mweusi tu. Jua likimpiga ndipo kichwa kinang'aa kijani na kifua kinatoa zambarau, kwa hiyo mpige picha asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako. Tafuta kichaka chenye maua, kaa hapo hapo, usimfukuze. Atarudi kwenye ua lile lile. Kasi ya kamera iwe 1/1000 ya sekunde au zaidi, maana hatulii.

Bint Konde
Assalaam alaykum. Mie ni mtu wa huku huku kaskazini. Ukilala Chake, alfajiri itakukuta njiani. Njoo mpaka Konde, daladala nyingi zinaishia hapo, kisha chukua bodaboda njia ya Makangale, msitu utaupita. Pitia kwanza getini mchana, ulipe kiingilio, upange na wale wa misitu matembezi ya usiku. Usiku huingii peke yako, na hata ungeruhusiwa, usingemwona.

Bundi wetu si wa Ngezi peke yake. Anakaa pia kwenye mashamba ya mikarafuu ya zamani, ile yenye miti mikubwa. Baada ya magharibi simama kimya usikilize: "hu" moja, kisha kimya kirefu mpaka udhani ameondoka, kisha "hu" nyengine. Mara nyengine huzifululiza. Wako wa rangi mbili, wa hudhurungi na wa wekundu wa kutu, usije ukadhani ni aina mbili.

Kitu kimoja nakuomba. Wazee wengi huku hawapendi bundi akilia karibu na nyumba, kwa hivyo ukimuulizia, uliza kwa adabu, na shamba la mtu piga hodi kabla hujaingia. Mwezi wa saba mavuno ya karafuu huenda yameshaanza, utakuta zimeanikwa kwenye majamvi kando ya njia. Usizikanyage ukiwa umeinua kamera juu. Ile ndiyo ada ya watoto skuli.

Wa Watamu
Salamu kutoka Kenya. Sisi huku tuko na bundi mdogo wa Arabuko-Sokoke, na waongozaji wetu humtafuta mchana pale anapolala, kwenye tawi la chini penye kivuli. Unapiga picha kwa mwanga wa kawaida, unarudi nyuma polepole, unamwacha na usingizi wake. Waulize watu wa Ngezi kama wanajua anapolala wa kwao. Fleshi wacha nyumbani. Na usimchezee sauti yake kwa simu: anafikiri kuna mwenzake amekuja kumnyang'anya makao, anaacha kuwinda anaanza kuhangaika.

Lenzi Ndefu
Fleshi nakubali, iachwe. Ila sauti mimi nacheza mara moja au mbili, fupi, nazima. Msitu mnene bila hivyo unaweza kurudi mikono mitupu.

Mkuu, 400 inatosha kabisa kwa bundi, kazi iko kwenye mwanga. Beba tripodi, kasi shusha mpaka 1/60, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) pandisha 3200 au 6400. Picha yenye chengachenga inasafishika, iliyotikisika haina dawa.

Mzee wa Darubini
Lenzi Ndefu, hapo sikubaliani nawe. Ngezi ni hekta 1,440 hivi, na wageni wote wanapitishwa njia zile zile. Mara mbili zako, mara mbili za wa kesho, mara mbili za keshokutwa, na bundi ni yule yule. Huyu hana kisiwa kingine cha kukimbilia. Analia mwenyewe, tumsubiri.

Bint Konde
Hapo nakuunga mkono mzee wangu.

Mgeni wetu, atakayekusumbua zaidi ni ninga. Rangi yake ni ya majani na hukaa juu kabisa kileleni. Tafuta mkuyu wenye matunda yaliyoiva ukingoni mwa msitu, alfajiri, usikilize vitu vinavyodondoka chini. Ukisikia hivyo, inua darubini.

Na ukirudi kusini pitia Kidike uwaone popo wa Pemba wakining'inia mchana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno kwa kuwindwa. Wanakijiji wakawalinda, sasa ni maelfu.

Kingo ya Msitu (Dar)
Asanteni sana wote. Nitalala upande wa Konde, tripodi nabeba, na simu yangu haitatoa sauti yoyote mule ndani. Bint Konde, usiku baada ya matembezi bodaboda napata?

Bint Konde
Usitegemee kuipata njiani. Yule atakayekuleta mchana patana naye kabisa aje akuchukue getini, uchukue na namba yake. Na tochi yako ifunike kwa karatasi nyekundu. Karibu sana Pemba.